Mzazi ana nusu, mwalimu ana nusu: mwaka wa shule wa kijana wa sekondari

Fomu ya kujiunga na sekondari ina mstari wa nambari ya simu ya mzazi au mlezi. Karibu kila mara inayoandikwa pale ni ya anayelipa karo: mjomba aliye Nairobi, baba anayeendesha trela la Malaba, shangazi aliyeajiriwa Eldoret. Lakini anayejua kwamba huyu mtoto akiumia moyoni huacha kula na kujifanya amelala ni nyanya aliyemlea Nyalenda, na nyanya hayumo kwenye fomu. Kufikia Mei, mwalimu wa darasa akiona kijana amebadilika, atampigia mjomba. Mjomba atauliza salio la karo ni ngapi, atatuma kitu kidogo kwa paybill ya shule, na habari itaishia hapo.

Kwa hivyo siku ya kuripoti andika nambari mbili: ya mwenye kulipa, na ya mtu ambaye mtoto mwenyewe humweleza mambo. Muulize ni nani. Asipokutaja wewe, usimnunie.

Ukikaa miaka kadhaa katika chumba cha ushauri nasaha cha shule unazoea mashtaka ya pande mbili. Mzazi husema mtoto alikuja hapa mzima, mmemfanya nini. Mwalimu husema huyu alikuja tayari na mambo yake, sisi tunapokea tu. Hasira ikipoa unakuta kila mmoja ameshika nusu ya habari. Nyumbani wanajua baba alihama Februari. Shuleni wanajua kijana aliacha mpira Februari. Anayejua yote mawili ni kijana peke yake, na mtu wa miaka 15 hana sababu ya kuwa tarishi wa watu wazima. Ninaowaona wakizama si wote waliopatwa na msiba mkubwa. Wengi walikuwa na jambo la kawaida ambalo nyumbani lilionekana utundu na shuleni likaonekana uvivu.

Wala si watoto wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni saba hivi.

Januari ni mwezi wa machozi, hasa kwa wa bweni, na machozi ya wiki mbili tatu za kwanza si ugonjwa. Mzazi hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaompigia mwalimu kila jioni wakitaka kusikia sauti ya mtoto, basi kila jioni kidonda kinatoneshwa upya. Wapo wanaomwambia akaze moyo kwa sababu wao walitembea kilomita kumi bila viatu. Kinachomtuliza mgeni wa bweni ni tarehe anayoijua. Mwambie ni siku gani utampigia kwa utaratibu wa shule, na ni lini utakuja siku ya wazazi, kisha utimize. Ukikosa siku uliyoahidi, tuma ujumbe kwa mwalimu wa darasa kabla ya siku hiyo. Kijana anayekaa kwenye nyasi saa tano akitazama geti huku wenzake wakifungua vyombo vya chapati na kuku hasahau haraka.

Kuhusu kuonewa na wakubwa, kumuuliza kama anaonewa hakusaidii, atasema hapana. Ukitaka jibu muulize unafua nguo za nani, ndoo yako iko wapi, nani anakula mkate wako. Mtoto aliyepoteza ndoo, shuka na pesa za matumizi ndani ya muhula mmoja si mzembe, na shule iliyopokea malalamiko ya aina hiyo kutoka bweni moja mara mbili haina haja ya kungoja mara ya tatu. Anayeripoti asihamishwe bweni kama kwamba yeye ndiye mkosa. Wahamishwe wanaoonea.

Darasa la kwanza la Gredi 10 lilipoingia Januari 2026 lilileta ugomvi mpya nyumbani: mkondo wa masomo. Mitatu iko: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Wazazi wengi wanataka STEM hata pale mtoto anapochora tangu Gredi 4 na hesabu inamtoa jasho. Sisemi mtoto aachiwe kuchagua kila kitu. Nasema mkutane watatu, mzazi, kijana na mwalimu aliyemfundisha, mkiwa na matokeo mezani, na mlifanye hilo mapema mwezi wa kwanza. Kijana aliyelazimishwa mkondo haonyeshi upinzani siku ile. Huonyesha Juni, kwa kuacha kuandika.

Jambo la usingizi watu hulipita haraka na ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha. Kijana wa umri huu anahitaji saa nane hadi kumi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya jioni bwenini ni saa moja unusu hadi saa tatu unusu usiku, na kulala ni kuanzia saa tatu unusu hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni saa nane na nusu kamili, imeandikwa kisheria. Halafu nenda shule ya bweni yoyote yenye njaa ya matokeo uone kengele inapolia saa kumi alfajiri. Kijana asiyelala hukasirika upesi, husahau, hulia kwa jambo dogo, na dalili hizo zinafanana sana na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kabla hujamwita mshauri, hesabu saa zake za kulala kwa wiki moja. Wa shule ya kutwa naye ana yake: akiamka saa kumi na moja kupanda matatu kutoka Kaptembwa na jioni akapika, akaosha vyombo na kulaza wadogo zake, hesabu yake haitofautiani na ya bweni.

Machi ndipo mambo huanza kuonekana kwa mwenye macho, na pa kutazama ni daftari la zahanati ya shule. Mwalimu wa ushauri alipitie kila Ijumaa, dakika kumi zinatosha. Tafuta majina yaliyorudi mara tatu au zaidi kwa mwezi kwa kichwa, tumbo, kifua kubana au kizunguzungu, bila homa. Huku kwetu kando ya ziwa kila maumivu huitwa malaria, na kweli malaria ipo, kwa hivyo kipimo kifanywe kwanza. Lakini kipimo kikisema hakuna na mtoto akapewa dawa ya malaria hata hivyo, na wiki mbili baadaye akapewa ya vidonda vya tumbo, tumeshamfundisha kwamba njia ya kusikilizwa ni kuumwa. Linganisha tarehe za daftari na ratiba. Tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi, au kila siku yenye somo la mwalimu fulani, au kila baada ya mtoto kurudi kutoka nyumbani, limeshakueleza pa kuuliza.

Mwili wa kijana husema kwa pamoja pia. Oktoba 2023 katika shule moja ya wasichana kaunti ya Kakamega, makumi ya wanafunzi walipelekwa hospitalini wakishindwa kutembea vizuri, na maafisa wa afya wakataja mfadhaiko wa pamoja. Watu wengi mitandaoni walisema wanajifanya, wengine wakasema mapepo. Miguu ile haikuwa mchezo wa kuigiza. Hofu ya muda mrefu hushika mwili, na mmoja akianguka mbele ya wengine walio na hofu ileile, wanafuata. Likitokea shuleni kwenu, wapimwe kwanza na mhudumu wa afya, watengwe katika makundi madogo yenye utulivu, video za simu zikome, wazazi wapewe habari moja kutoka kwa mtu mmoja. Baada ya wiki, uliza kilichokuwa kikiwabana kabla ya wa kwanza kuanguka.

Siku ya matokeo ya mtihani wa muhula ndiyo siku ninayoiogopa zaidi kuliko siku ya mtihani. Karatasi hubandikwa ukutani kuanzia nambari moja hadi ya mwisho, jina kwa jina. Mwalimu anadhani anachochea ushindani, na kwa kumi wa juu labda ni kweli. Wa arobaini na saba hajifunzi chochote kutoka kwa nambari hiyo ila kwamba kila mtu ameiona. Ukihitaji kumwonyesha alipo, mpe karatasi yake mwenyewe yenye alama za mihula mitatu ya nyuma, na umwonyeshe mada mbili alizopotezea alama nyingi. Kwa hesabu, kwa mfano, alama zikipotea katika vekta na logi, hayo ni mambo ya wiki tatu. “Umekuwa wa 47” hakuna wiki inayolitibu.

Nyumbani ripoti ifunguliwe hivi. Siku ya kwanza, sentensi moja tu: nimeiona, tutaongea kesho baada ya chakula. Usiisome mbele ya wadogo zake, wala usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kesho yake muulize yeye aanze: anaonaje, wapi alitarajia zaidi, wapi alishangaa. Linganisha na alama zake za zamani tu. Binamu aliyepata A huko Maseno aachwe kabisa. Jina la binamu huyo nimelisikia chumbani mwangu likitajwa kwa chuki ambayo haikuwa na uhusiano wowote na binamu. Na mzazi akitaja karo katika mazungumzo hayo, “nakulipia pesa yote hii halafu unaniletea D”, mazungumzo yamekwisha hata kama yataendelea saa nzima. Kijana anasikia kwamba yeye ni gharama, na anayejiona gharama kwa muda mrefu huanza kufikiri ingekuwaje asingekuwapo.

Nakuja kwenye nidhamu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili pamoja na kumtesa mwanafunzi kiakili. Hilo la pili husahaulika. Kumwita mtoto majina mbele ya gwaride, kumtaja mama yake, kumwambia ataishia kubeba mizigo soko la Kibuye, ni kosa sawa na fimbo. Wazee watakujibu kwa methali kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sawa, lakini ukali una kazi pale tu mtoto anapojua kosa ni lipi, adhabu ni ipi, inaisha lini, na kwamba ikiisha imeisha. Mtafiti Mmarekani Diana Baumrind aliandika tangu miaka ya 1960 kuhusu tofauti ya mzazi mkali asiyeeleza, mzazi anayeachilia kila kitu, na mzazi mwenye masharti thabiti anayeeleza na kusikiliza. Huyo wa tatu ndiye ambaye watoto wake kwa kawaida hufanya vizuri kuliko wa wengine wawili. Thabiti na mwenye kusikiliza, yote mawili kwa mtu mmoja. Wengi wetu tuna moja.

Mkutano wa “leta mzazi” katika ofisi ya naibu mwalimu mkuu ni mahali ambapo pande mbili hatimaye zinakutana, na karibu kila mara unaharibiwa kwa namna ileile. Watu wazima watano wameketi, mtoto amesimama. Taarifa ya makosa inasomwa. Mama aliyetoka Njoro saa kumi na moja alfajiri, amefunga duka na amelipa nauli ya pikipiki na matatu, anaona aibu mbele ya walimu, na kwa kuwa hana namna nyingine ya kuonyesha kwamba yeye ni mzazi mwema, anampiga mtoto kofi palepale. Walimu wananyamaza. Mtoto ametoka na somo moja tu: hakuna upande wake.

Upange tofauti. Mzazi na mwalimu wa darasa waongee wawili kwanza, robo saa, bila mtoto, na swali la kwanza la mwalimu liwe: kuna nini kimebadilika nyumbani tangu muhula uanze? La mzazi: aliacha lini kuwa yule mliyemjua? Kuna tarehe zitakazogongana, nazo ndizo ulizokuja kutafuta. Kisha mtoto aingie, apewe kiti, aongee wa kwanza. Watu wazima wasizidi watatu. Anayetoa adhabu asiwe ndiye mshauri. Shule nyingi humpa mwalimu mmoja kazi zote mbili, nidhamu na ushauri, halafu zinashangaa chumba cha ushauri kikiwa kitupu. Mmalize kwa mambo yasiyozidi matatu yaliyoandikwa, nani atafanya nini, na tarehe ya kupigiana simu, si zaidi ya wiki mbili. Na mtoto akisimamishwa shule, mzazi aulize kabla ya kuondoka: mchana atakuwa na nani? Kijana wa Nakuru aliyetumwa nyumbani wiki mbili wakati mama yuko sokoni hushinda kwenye meza ya pool, na huko kuna bangi na kamari ya simu zinazomngoja kwa upole kuliko sisi.

Muhula wa pili una joto lake. Mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja nchini zilichomwa moto, nyingi katika muhula huo, karibu na mitihani ya majaribio. Sina nafasi ya kuyaeleza yote hapa, ila shule zinazofanya baraza la wanafunzi mapema, zikaandika malalamiko na kurudisha majibu hata yale ya “hapana, kwa sababu hii”, hupita Julai kwa utulivu zaidi kuliko zile zinazoongeza walinzi.

Karo. Mtoto anayefukuzwa karo hupoteza zaidi ya vipindi. Kusomewa jina kwenye gwaride na kupita katikati ya wenzake na begi ni aibu inayorudiwa kila mwezi, na wengine hawarudi hata karo ikilipwa. Shule impigie mzazi, mtoto asitumiwe kama barua. Mzazi naye amweleze kijana ukweli kwa tarakimu: inatakiwa elfu ishirini, nina elfu sita, nitalipa kwa awamu, nimeongea na bursari. Tunadhani tunawalinda tukinyamaza. Kijana akikosa habari hujitungia, na anayojitungia ni mabaya kuliko salio.

Likizo ya Agosti mzazi anampata kijana mzima mzima, na wengi huitumia kwa mihadhara. Vijana wa umri huu hawaongei wakitazamwa usoni. Huongea mikono ikiwa na kazi: mkipukuchua mahindi, mkiosha omena, mkichambua sukuma, mkisafiri wawili kwenye kiti cha nyuma cha matatu. Dakika ishirini hivi, mara tatu kwa wiki, bila kugusa masomo. Akikueleza jambo, maneno matatu ya kwanza ni kazi ngumu kwa mzazi wa Kiafrika lakini yanawezekana: “Pole. Endelea, nakusikiliza.” Ushauri usubiri kesho. Simu ya kijana usiipekue kwa siri. Ikikulazimu kuitazama, mwambie unaitazama na kwa nini. Usiku ilale sebuleni pamoja na yako, kwa sababu sheria inayomfunga mtoto peke yake haidumu wiki.

Sasa lile ambalo hatupendi kulisema. Dalili za huzuni ya kawaida hupungua zenyewe. Zikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, zikagusa usingizi, chakula, marafiki na masomo kwa pamoja, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Wavulana wengi hawaonyeshi huzuni, huonyesha hasira na ugomvi, kwa hivyo hupelekwa kwenye nidhamu wakati wenzao wa kike wanapelekwa kwenye ushauri. Wahudumu wa afya hutumia dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 kwenda juu huhitaji uchunguzi zaidi. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru, na likijibiwa kwa alama yoyote isiyo sifuri linashughulikiwa siku hiyohiyo, jumla iwe ngapi.

Uliza waziwazi. Kumuuliza kijana kama amefikiria kujiua hakumpandikizii wazo, na hilo limeonekana katika tafiti nyingi. “Mwanangu, mtu akibanwa hivi wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umefikiria?” Akisema ndiyo, uliza kama amepanga namna na wakati. Usipige kelele, usimkumbushe dhambi, usimwambie atamuua mama yake kwa presha. Asiachwe peke yake hata kwenda chooni mbali. Dawa zote za nyumbani na dawa za shamba na za mifugo zifungiwe au zihamishiwe kwa jirani leo, si kesho. Vijiji vya magharibi na mashamba ya Njoro na Molo yana chupa hizo chini ya kila kitanda. Nambari ya 116 ya Childline ni ya bure kwa mtoto saa zote, na 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure pia. Wengi huogopa polisi kwa sababu ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mpeleke hospitali bila hofu hiyo.

Kama yaliyomo ni unajisi, mtuhumiwa akiwa ni mwalimu, mjomba au nani, hakuna kikao cha wazee. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya saa hizo hazina kazi. Asioge, nguo zibebwe kwenye mfuko wa karatasi.

Mwalimu wa ushauri amwambie kijana mwanzoni kabisa siri inaishia wapi: nitatunza unayoniambia, ila ukiwa hatarini kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au kuna anayekudhuru, nitamshirikisha mtu mmoja na nitakuambia ni nani kabla ya kufanya hivyo. Chumba kisitazamane na ofisi ya walimu. Mtoto asiitwe kwa jina darasani. Maandishi yafungiwe. Habari ya mwanafunzi ikisikika mara moja kwenye chai ya saa nne, mwaka mzima hakuna atakayekuja.

Rufaa ina gharama na ni vyema mzijue mapema. Hospitali za rufaa, Jaramogi ambayo Kisumu wanaiita Russia, ile ya Nakuru ambayo wengi bado huiita PGH, ile ya Kakamega, Moi kule Eldoret, zina huduma za afya ya akili kwa bei nafuu kuliko za binafsi. Fika saa moja asubuhi na barua ya shule, nakala ya cheti cha kuzaliwa na nambari ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, na hesabu kwamba siku yote imekwenda. Kwa mshauri wa binafsi kikao kwa kawaida huanzia elfu mbili, na kimoja hakitoshi. Panga vinne hadi sita kabla ya kuamua kama kinasaidia. Daktari akiandika dawa za sonona, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi. Wazazi wengi huzikata wiki ya pili kwa kuona hazifai, au mwezi wa pili kwa kuona mtoto amepona. Zisikatwe bila daktari. Wiki za kwanza mwangalie kwa karibu zaidi, kwa kuwa kwa vijana mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka kabla ya kupungua. Maombi yaendelee kama ni familia ya maombi. Mchungaji anayemwambia mtoto aache dawa ili aonyeshe imani, huyo mkatae kwa heshima.

Akirudi shuleni, wanaojua wawe watatu: mwalimu wa darasa, mshauri, na nesi anayetunza dawa. Wengine waambiwe alikuwa mgonjwa, ambao ni ukweli. Kazi aliyoikosa ipunguzwe hadi ya lazima, kwa masomo mawili mawili kila wiki. Mshauri amwone kila wiki kwa mwezi wa kwanza, dakika kumi hata kama hana la kusema, na Ijumaa atume ujumbe mfupi kwa ile nambari ya pili, ya mtu ambaye mtoto humweleza mambo: amekula, amelala, amecheza, au hapana. Mzazi ajibu kwa ufupi uleule baada ya kila likizo fupi.

Kwa wa Kidato cha Nne, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanatoka karibu na Januari, wakati shule imefungwa na mwalimu hayupo. Watayarisheni Novemba, kabla hajaondoka. Kaeni mwandike ngazi zote: C+ ya shahada, C- ya diploma, D ya cheti, na chini ya hapo kozi za ufundi, kila ngazi na kozi mbili ambazo kijana mwenyewe amezichagua na chuo kilicho karibu. Siku yenyewe aone matokeo yeye kwanza, peke yake au na mtu mmoja anayemtaka, kabla ya simu za ukoo kuanza kuita. Na mwalimu wa darasa ampigie kila aliyepata chini ya matarajio jioni hiyohiyo, kisha tena baada ya siku tatu, maana simu za pole huja siku ya kwanza, na siku ya tatu huwa kimya.